Vidole Vitatu

Mteja aliyenivurugia mwaka aliingia dukani kwangu, Utemini, saa nne asubuhi, fimbo nyeupe mkono mmoja na kitenge kilichokunjwa mkono wa pili. Mimi ni fundi cherehani. Wakati huo nilikuwa nafumua gauni nililolikosea mwenyewe kiunoni, na hasira zilikuwa karibu, kwa hiyo nilimkaribisha bila hata kumtazama vizuri. Shikamoo mama, karibu, benchi liko hapo kushoto kwako.

Hakukaa. Aligeuza uso taratibu kuifuata sauti yangu, akasimama hivyo.

"Marahaba," alisema. "Hebu sema vitatu."

"Unasemaje, mama?"

"Sema vitatu. Neno hilo tu."

Niliacha kufumua. Katika mji mzima wa Singida hakuna aliyejua neno hilo ni kitu gani kwangu. Mume wangu hajui. Wanangu hawajui. Nimekaa mjini hapa karibu miaka ishirini nikijiaminisha kwamba limebaki kule kule nilikoliacha, na sasa mama mmoja kipofu ameliingiza dukani kama mtu anayeulizia zipu. Sikulisema. Nadhani kunyamaza kwangu ndiko kulikojibu.

"Ni wewe," akasema. "Niliambiwa fundi wa hapa katokea Iguguno." Akatikisa kichwa. "Mtoto wa Kambi. Yule aliyeponywa macho."

Kambi ndilo jina tulilojiita sisi wenyewe. Lilikuwa kundi la Wakristo, nyumba zisizofika ishirini, upande wa mashamba ya Iguguno, na tuliamini kwamba makanisa mengine yote yalikuwa yameshalala usingizi. Tuliamini na mambo mengine ambayo nikimweleza mtu leo anadhani namtania: kwamba redio ni mdomo wa shetani, kwamba mwanamke akisuka nywele malaika wake anamwacha, kwamba anayekwenda hospitali anamwambia Mungu usoni kuwa hamwamini. Sikuona ajabu yoyote. Nilidhani dunia nzima inaishi hivyo, na wasioishi hivyo wanajificha.

Kiongozi wetu tulimwita Mlezi. Alikuwa mtu mrefu, msafi, mwenye sauti ya upole, na kwake kila kitu kilikuwa vitatu. Tuliomba mara tatu kwa siku. Tulibatizwa kwa kuzamishwa mara tatu. Alibisha hodi mara tatu hata kwenye mlango uliokuwa wazi, na chai yake iliwekwa vijiko vitatu vya sukari, si viwili wala vinne. Sisi watoto tulikuwa tunamwigiza nyuma ya ghala, tunapiga chafya mara tatu na kucheka mpaka tunakatwa na tumbo.

Kulikuwa na desturi moja tuliyoiita kuachilia. Mbele ya kanisa ulitandikwa mkeka mdogo wa ukindu, na anayetaka kuponywa alikwenda kuweka pale kile alichokuwa anakitegemea badala ya Mungu. Wazee waliweka mikongojo. Wengine waliweka vidonge, hirizi, bandeji, hata soli ya kiatu ya mtu ambaye mguu wake mmoja ulikuwa mfupi. Ukishaweka, hukiokoti. Mlezi alikitia kwenye sanduku lake la mbao, halafu unapimwa hapo hapo, mbele ya watu, kuonyesha kwamba umepona. Kiwete alitembea, kiziwi aliitwa kwa mnong'ono. Na kila mwaka, kwenye sikukuu ya mavuno alizeti ikishapigwa, waliopona walisimama wakapimwa tena ili wageni waone.

Nilizaliwa na macho mabovu. Karibu na pua nilikuwa naona vizuri kabisa. Zaidi ya urefu wa mkono wangu dunia ilikuwa uji. Nilipokuwa na miaka tisa wataalamu wa macho walikuja shuleni wakatupima, na mwalimu mkuu akanikabidhi miwani yenye fremu ya kahawia. Nilivaa siku kumi na moja. Siku ya kwanza nilikaa kwenye jiwe nyuma ya choo cha shule nikatazama mti, kwa sababu sikujua kwamba mtu akiwa mbali na mti anaweza kuona majani, moja moja, kila moja na mtikisiko wake. Nililia kama mjinga. Siku ya kumi na mbili Mlezi alimwambia mama kwamba mtoto amewekewa ukuta kati yake na Mungu, na ukuta huo uwekwe mkekani Jumapili.

Mama alikuwa mjane. Baba alikufa nikiwa nanyonya, na Kambi ndiyo iliyomzika, ndiyo iliyotulimia, na shamba tulilokula lilikuwa la Kambi. Nasema hivi ili mtu asimwone mama kuwa mpumbavu. Mama yangu si mpumbavu.

Jumapili hiyo niliweka miwani mkekani. Kisha nikapelekwa mpaka mlangoni, nyuma kabisa, nikageuzwa kumwelekea Mlezi aliyekuwa mbele. Nilichokiona ni doa jeupe: kanzu yake. Wala si kichwa, wala si mikono. Akasema kwa ile sauti yake ya upole, mwanangu, nimeinua vidole vingapi? Kanisa zima likageuka kunitazama. Niliyajua macho yao kwa jinsi madoa ya nyuso yalivyotokea mahali palipokuwa na vitambaa vya vichwa.

Nilikuwa najua kinachompata anayeshindwa. Mwaka uliotangulia binti mmoja jirani yetu, mwenye kigugumizi, aliambiwa asome zaburi na akakwama mstari wa kwanza. Walisema ana pepo bubu. Walimfungia kwenye ghala la alizeti kwa mfungo, na alipotoka alikuwa hana kigugumizi kwa sababu alikuwa haongei kabisa. Mpaka leo haongei. Basi pale mlangoni, mkojo ukinishuka kidogo mguuni, nilifikiri ni namba gani Mlezi angeipenda.

"Vitatu," nikasema.

Kanisa lililipuka. Watu waliruka, wanawake walipiga vigelegele, mtu alinibeba juu juu mpaka mbele. Na mimi, ambaye sikuwa nimeona kitu, niliamini kwa dakika kadhaa kwamba huenda nimepona kweli, mpaka waliponishusha na sikuweza kumtambua mama yangu kati ya wanawake waliokuwa wananikumbatia.

Tangu hapo nilikuwa muujiza, na muujiza hauruhusiwi kujikwaa. Nilijifunza mwendo wa kila mtu. Nilikariri sura nzima za Biblia ili nikipewa kusoma nishike kitabu mbali kama watu wenye macho. Kila sikukuu ya mavuno nilisimama mlangoni, Mlezi akauliza vingapi, nikasema vitatu, na kila mwaka vilikuwa vitatu. Hivyo kwa miaka saba. Sikuwahi kujiuliza kwa nini hakuwahi kubadilisha.

Nilipokuwa na miaka kumi na sita mama mdogo wangu wa mjini, ambaye hakuwa wa Kambi, aliomba nije nimsaidie kazi. Nilitegemea mama akatae. Alikubali siku hiyo hiyo, akanifungia na majogoo watano niende nao. Mama mdogo aliwauza, na kabla ya wiki kwisha akanipeleka kupimwa macho, akaninunulia miwani. Sijaivua tena, isipokuwa mahali pamoja. Kila nikienda kumsalimia mama, nikishuka Iguguno huwa napita nyuma ya banda la chipsi, naivua, naitia kwenye mkoba, na natembea mpaka nyumbani nikipapasa dunia kwa miguu. Miaka yote hiyo! Kambi yenyewe ilishakufa. Mlezi aliamka siku moja akaondoka na sanduku lake kwenda mkoa mwingine bila kuaga, na watu wakatawanyika. Mama alibaki kwenye nyumba ile ile, anasali peke yake. Hajawahi kuisema Kambi kwa ubaya, na nilijua ni kwa sababu yangu. Katika yote waliyomnyang'anya, alibakiwa na macho yangu. Nani angemnyang'anya na hayo?

Haya yote yalinipitia kichwani huku yule mama amesimama dukani kwangu na fimbo yake.

"Nina swali moja tu," alisema. "Nimekaa nalo muda mrefu. Uliviona?"

Ningeweza kudanganya; uzoefu ninao. Lakini nilitazama macho yake, yaliyokuwa yanatazama kalenda ya ukutani pembeni ya kichwa changu, na kinywa kikakataa.

"Sikuviona, mama. Nilibahatisha."

Ndipo akakaa. Alipapasa benchi kwanza, akakaa taratibu, akaweka kitenge mapajani. Alinieleza bila kupandisha sauti. Alikuwa na presha ya macho. Hospitali walimpa dawa ya matone, asubuhi na jioni, wakamwonya kwamba akiacha atapofuka na hakuna atakayeweza kuyarudisha. Akaja Kambini kwenye mavuno, mwaka mmoja baada ya miwani yangu kuwekwa mkekani, mgeni, akakaa nyuma karibu na mlango. Mtoto aliyesimama hatua mbili kutoka kwake akasema vitatu, naye akatazama mbele, vilikuwa vitatu kweli. Akaenda akaweka kichupa chake mkekani. Baada ya mwaka mmoja na miezi kadhaa ikawa giza.

"Mama yako ndiye aliyenishika mkono kunipeleka pale mbele," alisema. "Namkumbuka. Alikuwa na mkono wa baridi."

Nilikuwa nimebeba uongo huo miaka yote nikidhani ni mzigo wangu mwenyewe, kitu cha aibu kati yangu na Mungu, kama kukojoa kitandani. Haikuwahi kunijia, hata siku moja, kwamba kulikuwa na watu wamekaa wananisikiliza. Nilishika meza ya cherehani kwa mikono miwili.

"Mama hakujua," nilisema haraka. "Naomba unielewe. Nilimdanganya na yeye."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Akaninyooshea kitenge. "Nishonee gauni refu. Liwe na mifuko miwili mikubwa, siwezi kukaa natafuta mkoba. Nitakuja Jumamosi."

Nilimpima. Nilimzungushia futi kifuani, kiunoni, nikaandika namba nisizozielewa, na akaondoka akigonga ukingo wa mtaro kwa fimbo.

Siku mbili baadaye nilifunga duka nikaenda Iguguno. Nilikuwa nimeamua kumwambia mama ukweli, na nilikuwa naogopa kuliko nilivyoogopa siku ya mlangoni, kwa sababu nilijua naenda kumchukulia mtu mzee kitu chake cha mwisho. Lakini nisingeweza kuendelea kumjibia mbele ya yule mama. Nyuma ya banda la chipsi mkono wenyewe ulikwenda usoni. Niliushusha. Nikatembea na miwani yangu mpaka nyumbani.

Mama alikuwa uani anapepeta uwele. Aliinua kichwa, akanitazama, akarudisha macho kwenye ungo.

"Karibu," alisema. "Leo umekuja nayo."

Nilisahau hata shikamoo. Nilisimama pale na mkoba begani, na makapi yanapeperuka kati yetu.

"Unajua kwamba navaa miwani?"

"Wale majogoo walikuwa wa nini?" Alitikisa ungo. "Nilimwambia mama yako mdogo awauze akununulie miwani, na asikwambie. Ulikuwa ukija hapa unashika ukuta kama mlevi, nikasema sawa, siku akitaka kunionyesha atanionyesha."

Nilikaa chini kwenye udongo, na gauni langu zuri. Nilianza kukumbuka vitu kwa fujo. Yale mawe ya pembeni ya njia ya kisimani, ambayo mama aliyapaka chokaa kila kiangazi, tukamcheka, akasema nyoka hawapendi chokaa. Kitenge chake cha njano, kimoja, alichokivaa kila siku ya mnada mpaka wenzake wakamwuliza kama hana kingine, na mimi nilikuwa sipotei mnadani hata siku moja. Nilidhani nilikuwa hodari.

"Tangu lini?" nikamwuliza. "Mama, ulijua tangu lini?"

Aliweka ungo chini. Akaanza kunijibu kwa Kinyiramba, lugha anayohamia akiwa hataki kubishiwa, na aliongea akiangalia viganja vyake.

"Tangu siku ile ile. Watu wote waligeuka kukutazama wewe. Mimi sikugeuka, nilitazama mkono wa Mlezi, nilitaka kujua jibu ni lipi. Aliinua viwili. Uliposema vitatu akainua na cha tatu, upesi, kabla hawajageuka. Akaniona namwona."

Alijua. Mlezi alijua. Miaka saba nilisimama mlangoni natetemeka nikiwaficha watu wawili siri ambayo wote wawili walikuwa nayo tangu siku ya kwanza.

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme nini, uingizwe ghalani?" Sauti yake ilipanda. "Ulimwona yule mtoto alipotolewa? Mimi ndiye niliyemwosha. Mlezi alisema macho yako yamepona. Nikasema haya, yamepona. Kama uongo wake unakuweka nje ya ghala, Mungu atanisamehe."

Na hapo nilimpenda mama yangu kuliko siku zote. Ningeweza kuishia pale. Ningemkumbatia, tungelia, ningerudi mjini. Lakini kulikuwa na kitenge kimekatwa mezani kwangu.

"Kulikuwa na mama mmoja," nilisema. "Mwaka uliofuata. Aliweka kichupa cha dawa ya macho. Ulimshika mkono."

Hakuuliza ni nani. Uso wake ulijifunga. Kuku wakaanza kula uwele kwenye ungo na hakuwafukuza, mama ambaye huwatupia kuku kandambili kwa kosa la kupita.

"Alikuwa anatetemeka," alisema. "Niliogopa ataanguka. Sikumwambia aweke."

"Ulimwambia asiweke?"

"Ulikuwa umesimama mlangoni," alisema. "Ningesemaje na wewe umesimama mlangoni?"

Nimejaribu kumkasirikia na nimeweza, nakasirika kila wiki. Nimejaribu kufikiri mimi ningefanya nini mwanangu akiwa amesimama pale, na huwa naacha kufikiri.

"Amepofuka?" akauliza.

"Amepofuka, mama. Yuko mjini. Jumamosi anakuja kuchukua gauni."

Alifukuza kuku, akapika ugali, tukala tukiongelea bei ya alizeti. Nililala kwake, nikarudi asubuhi nikiwa na hakika kwamba yamekwisha hivyo.

Jumamosi saa tatu mama alikuwa kwenye benchi langu. Alikuja mwenyewe, amevaa kitenge kipya cha njano, mikono imekumbatiana mapajani. Hakutaka chai. Kila fimbo ya mlemavu ilipogonga barabarani, na ilikuwa moja tu, ya mzee anayeomba karibu na msikiti, alishtuka.

Yule mama aliingia karibu saa tano. Nilisema karibu, gauni liko tayari. Nilikuwa nimepanga maneno ya kuwakutanisha, maneno mazuri kabisa, na sikuyahitaji, kwa sababu mama alisimama.

"Dada," alisema. "Ni mimi niliyekushika mkono."

Yule mama alibaki mlangoni. Alikaza vidole kwenye fimbo, na nilidhani atageuka aondoke.

"Nakusikiliza," alisema.

"Siku ya kwanza Mlezi aliinua viwili. Mwanangu aliposema vitatu akaongeza. Niliona. Mwaka wako wewe nilikuwa nimeshajua mwaka mzima." Sauti ya mama ilikatika. "Nilikuwa najua nilipokushika mkono."

Nje bodaboda zilipita. Yule mama aliingia ndani hatua moja, mbili, mpaka fimbo ikagusa kiatu cha mama. Akanyoosha mkono wake usio na fimbo.

"Inua," alisema. "Kama alivyoinua yeye."

Mama hakuelewa, au hakutaka kuelewa. "Dada..."

"Nilikuwa na macho na sikuvitazama mapema, nilimtazama mtoto kwanza. Vya mwaka wangu alinionyesha vitatu. Nataka vya kweli, vya siku ile ya kwanza. Inua."

Mama aliinua mkono wa kulia. Yule mama aliupata hewani, akaushika kifundoni, kisha akapanda taratibu kwa ncha za vidole vyake. Alikigusa kidole cha kwanza tangu chini mpaka kwenye kucha. Akakigusa cha pili. Halafu akashuka kwenye cha tatu, kilichokuwa kimekunjwa kiganjani, akakibonyeza kwa dole gumba, kwa nguvu, kama anayehakikisha kwamba hakitainuka.

"Viwili," alisema.

Hakumwachia. Mama alikuwa analia bila sauti, na mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya cherehani na gauni la watu mikononi, nawaona wote wawili vizuri sana, mpaka makunyanzi.